Tatizo Dogo la Wanaoanza

Shemeji yangu,

Nilianza na neno "mpendwa" nikalikata. Dada yako angekuwa hai angeniambia nilirudishe, maana kwake barua isiyoanza kwa upole ni mgeni anayeingia bila hodi. Lakini hayupo, nami sikuandikii kwa upole. Naiacha barua hii wazi. Nimemwomba katibu wa parokia aibandike mlangoni mwa chumba cha kompyuta hapa Kawajense, Mpanda, ili vijana wanaojifunza kwa programu uliyotuachia waisome kabla hawajaanza kukuiga. Nakala yako inakuja kwa treni.

Unakumbuka ulivyofika. Treni ya Tabora ilichelewa kama desturi yake, ukashuka na miwani mipya na disketi moja kwenye mfuko wa shati, ukiipapasa kila mara kama mtu aliyebeba yai. Ulikuwa likizo ya chuo unakosomea kompyuta. Parokia ilikuwa imepewa kompyuta ambayo hakuna aliyejua kuitumia zaidi ya kuifunika kitambaa ili isipate vumbi. Dada yako alikuwa ameanza kuumwa kifua, na sote wawili tulijua, ingawa hatukuambiana, kwamba hatapona.

Ndipo nilipokueleza ninachotaka. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule katika nchi tuliyoikimbia mwaka wa sabini na mbili, lakini natoka mkoa mwingine kabisa. Kilima chenu, maana kwetu kijiji ni kilima, sijawahi kukikanyaga. Wewe ulitoka huko mgongoni kwa dada yako, hujui hata kutamka. Watoto wetu wanaijua Litapunga tunakolima, wanaijua Kasokola, wanajua maharage yanapandwa lini. Kilima hawakijui. Wenzenu walibaki na vipande; aliyekijua chote alikuwa mmoja tu, na alikuwa anakohoa. Nilitaka anisimulie nyumba kwa nyumba, kuanzia kijitoni hadi juu: nani alikaa wapi, alioa wapi, alizaa nani, alizikwa wapi. Nilikuwa nimeshachonga penseli.

Ukacheka. "Mzee, daftari la Mpanda ni chakula cha mchwa. Tuweke kwenye kompyuta. Hata vilembwe watasoma."

Nikaweka penseli chini. Naam, niliiweka.

Siwezi kusema siku zile hazikuwa nzuri, nami sidanganyi hata nikiwa na hasira. Jenereta ya parokia ilipowashwa asubuhi, tulikwenda watatu, dada yako akiwa na kanga mbili kwa sababu ya baridi aliyokuwa akiisikia peke yake. Ulitengeneza dirisha lenye visanduku vya kujaza: jina la nyumba, baba, mama, watoto, habari zao. Chini uliweka kitufe kikubwa cha kuhifadhi. Ulinifundisha kila hatua, maana nilitaka kujua kinachotokea ndani, sikutaka kuwa mtu wa kubonyeza tu.

Siku moja uliandika mistari ya kuhesabu watoto wa nyumba moja, na dirisha lote likaganda. Kipanya hakisogei, herufi haziandikiki. Ulitoka jasho.

"Kimekufa?" akauliza dada yako.

"Hapana, dada. Kinazunguka ndani. Nimekiambia kihesabu, sikukiambia kiishie wapi."

"Ala! Kama yule mchungaji wa Kisukuma aliyetumwa Kasokola na ng'ombe, bosi akasahau kumwambia arudi. Mpaka leo yuko huko anachunga."

Tulicheka mpaka katibu akaja kutazama. Ukazima, ukawasha, ukaongeza mstari wa kukiambia kisimame. Nililishika somo hilo, na vijana wa hapa nawafundisha hivyo hivyo: kabla hujamwambia mtu aende, jua atarudi vipi.

Sasa nifike pale ninapotaka ufike nami.

Asubuhi ya pili au ya tatu, mashine ilipiga kelele ghafla, kikajitokeza kidirisha chenye alama nyekundu na maneno ya Kiingereza. Dada yako aliruka, akashika kifua. Aliamini amekiharibu kitu cha kanisa. Tukarudi nyumbani bila hata nyumba moja kuandikwa. Jioni akakuambia huku anachambua maharage, "Kifundishe adabu hicho kidude chako. Mtu mwenye adabu hapigi kelele mbele ya mgonjwa. Akiulizwa habari, anajibu nzuri kwanza."

Ndivyo tulivyo, shemeji. Kwetu mtu huulizwa *amakuru*, naye hujibu *ni meza*, habari njema, hata kama ametoka kuzika. Ya kweli yatakuja baadaye, polepole, akishakaa na kupewa maji. Hapa Tanzania tumekuta desturi ni hiyo hiyo, ndiyo maana hatukupata shida kuzoea.

Kesho yake kidude chako kilikuwa na adabu. Hakikupiga kelele tena. Kila nilipobonyeza kitufe, yalijitokeza maneno ya Kiswahili kizuri: "Imehifadhiwa. Asante, mzee." Dada yako alifurahi, akawa anakiitikia: "Nawe asante, mwanangu."

Likizo yako ikaisha. Tulikuwa bado tuko chini ya kilima, kwenye nyumba za karibu na kijito. Ulisema dirisha la kusoma yaliyohifadhiwa utalimalizia ukirudi, kwa sasa tuendelee kujaza tu. Ukatuaga, ukapanda treni. Na disketi yako ukaitia kwenye mfuko wa shati.

Sisi tukaendelea. Wiki hadi wiki, kila jenereta ilipowashwa na kifua chake kiliporuhusu, dada yako alikaa kwenye kile kiti cha mbao na kupanda kilima chake. Alikuwa anafumba macho. Alitaja nyumba, akataja mti uliokuwa mbele ya nyumba, akataja ugomvi wa nyumba hiyo na jirani yake, kisha akasogea juu kidogo. Mara nyingine alibishana na nafsi yake: "Hapana, huyo alikuwa mke wa pili. Futa." Nilifuta. Niliandika. Nilibonyeza. Mashine ilinguruma kidogo pembeni, pale disketi inapoingizwa, nami nikadhani huo ndio mlio wa kuhifadhi. "Imehifadhiwa. Asante, mzee." Alifika kileleni kabla hajalala kitandani moja kwa moja. Tulipotoka siku hiyo alisema, "Nimefika. Sasa nyie mtajua njia."

Siku ya kuondoa matanga ulikuja. Watu wa kilima chenu walitoka kwenye makazi ya wakimbizi, wengine kwa miguu, kwa sababu niliwatumia habari kwamba tutasoma kilima chote. Walijaa chumba cha parokia mpaka madirishani. Ulikuwa umemaliza dirisha la kusoma, na ulijisifu kidogo, si vibaya, ni haki ya fundi. Ukaingiza disketi. Zikaja nyumba za kijitoni, ukasoma kwa sauti, watu wakaitikia kwa vigelegele na machozi. Kisha ukabonyeza, na hakukuja kitu. Ukabonyeza tena.

Shangazi yako, yule mzee wa fimbo aliyekaa mbele, akauliza, "Kwa hiyo kilima chetu kimeishia kijitoni?"

Ulishaelewa. Nilikuona umeelewa. Programu uliiagiza iandike kwenye disketi, na disketi uliondoka nayo. Kila nilipobonyeza, ilitafuta disketi, haikuiona, ikataka kulia, nawe ulikuwa umeiziba mdomo. Ukavua miwani, ukatabasamu, ukawaambia watu waliotembea kwa miguu: "Ni tatizo dogo tu, la wanaoanza. Hutokea."

"Hutokea kwa nani, mwanangu?" akauliza shangazi.

Ukavaa tena miwani, ukatoka. Asubuhi ulikuwa kituoni, na kuaga hukuaga.

Basi nijibu mimi. Baada ya wewe kuondoka nilifungua maandishi ya programu yako, nikayasoma yote, mstari kwa mstari, kama nilivyozoea kusahihisha kazi za wanafunzi. Wanaoanza wana makosa yao, nami nimeshayaona mengi kwa vijana wa hapa. Yupo aliyeandika jina la kitu kwa namna mbili, mashine ikadhani ni vitu viwili. Yupo ambaye programu yake inakwenda kwenye kompyuta ya parokia ila ikihamishiwa kwingine haifunguki, kwa sababu aliacha nyuma mafaili inayoyategemea. Hayo ni makosa ya kutojua, na mtu haukasirikii ujinga wa anayejifunza. Lakini kosa lako si la namna hiyo. Wewe uliandika, kwa mkono wako, kwamba likitokea kosa lolote programu ilipite kimya na kuendelea na mstari unaofuata. Kisha chini yake, bila kuuliza kama kazi imefanyika, ukaandika shukrani. Anayeanza hajui kwamba kosa linaweza kutokea. Wewe ulijua, ndiyo maana ukalinyamazisha. Usijifiche nyuma ya wanaoanza.

Nimeufuta mstari huo. Kidude sasa hakina adabu hata kidogo. Kinapiga kelele, kinaonyesha alama nyekundu, vijana wanaruka kama alivyoruka dada yako, kisha wanakaa kusoma kimesema nini, wanatafuta kamusi, wanarekebisha. Kijana akiniambia, "Mzee, inakataa," namwambia shukuru inakataa. Ile inayokubali kila kitu ndiyo ya kuogopa.

Utasema ulimtii dada yako mgonjwa. Kweli, ulimtii, na nilikuwepo. Lakini fundi anaweza kushusha sauti ya kengele bila kuikata. Ungeweza kuandika kwa Kiswahili kile kile kizuri: "Samahani, mzee, disketi haimo." Maneno manne. Asingeshtuka. Angeniambia niitafute disketi, nami ningeitafuta mpaka Tabora.

Nimekaa na hasira hii muda mrefu nikijiuliza ulijifunza wapi kuwa hivyo, maana chuo hakikukufundisha. Nadhani najua, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie badala ya kukufuta kama mstari.

Ulipokuwa mgongoni kwa dada yako, mnakimbia, ulikuwa unamlilia mama yenu. Dada yako alinisimulia. Kila ulipolia alikujibu, "Yuko nyuma, anakuja." Mlipovuka alikujibu hivyo. Mlipofika kwenye makazi, umeshajua kutembea na kuuliza, alikujibu hivyo. Ulipokua ukaacha kuuliza, na yeye akashukuru kwamba umeacha. Ulilelewa na mtu aliyekupenda mno hata hakuweza kukuambia ukweli. Sikulaumu kwa kulelewa hivyo. Nakulaumu kwa kuwa mtu mzima na kuendelea hivyo hivyo.

Maana, shemeji, nyumba ya mama yenu haikuwa kijitoni. Ilikuwa juu, karibu na kilele, na dada yako alipoifikia alisimulia yote: mama yenu alikuwa amefanya nini asubuhi ile, nani alikuja, kwa nini ninyi wawili mlitoka na yeye hakutoka, na yuko wapi sasa, chini ya nini, upande gani wa njia. Alisimulia akiwa amefumba macho, bila kusimama, kisha akaniambia, "Hiyo ni ya mdogo wangu. Akiisoma ataelewa kwa nini sikumwambia." Nikabonyeza. Unajua mashine ilisema nini.

Hakuna mwingine aliyesikia. Shangazi alikuwa ameolewa mbali wakati ule. Katibu alikuwa nje na jenereta. Nimebaki mimi, na mimi ni mzee. Nyumba za katikati zimeshaanza kuchanganyika kichwani mwangu. Watoto wa nyumba moja wanahamia nyingine, na mti wa huyu unaota mlangoni kwa yule. Nimejaribu kuziandika upya, nimepata nusu, na hiyo nusu siiamini. Nyumba ya mama yenu bado ninayo nzima. Naipitia kila siku ili isiniponyoke.

Sitaiandika humu, kwenye mlango wa parokia. Wala sitaitia kwenye bahasha uisome peke yako, uikunje, useme umeelewa. Utakuja Mpanda. Utakaa kwenye kile kiti cha mbao alichokalia yeye, nami nitakuambia kama nilivyoambiwa, na pale panapouma sitaruka. Ukilia, lia. Ukinikasirikia, nikasirikie, nitakuwa nimekaa mbele yako. Nikishamaliza, utanirudia yote kwa mdomo wako, neno kwa neno, mpaka nijue unayo.

Mama yako hakuwa nyuma, shemeji, na haji. Njoo nikuambie alipo.

Mimi,
mume wa dada yako