Tumbo Langu Lirudishwe

Jumatatu, 3 Machi

Jarida moja la Cape Town limenipigia simu. Mimi! Waliona picha yangu kwenye harusi ya Zukiswa, mwenzangu wa kazini, nimevaa suti ya rangi ya haradali aliyonishonea Babalwa. Wanaandaa kurasa za wanawake wanaopenda wanawake — tunavyovaa, miili ya kila namna. Huenda nikawa jaladani. Babalwa amecheza jikoni na mwiko mkononi. Mimi namfikiria mama. Kwa mama, Babalwa ni "yule rafiki yako unayekaa naye." Miaka yote hii, rafiki.

Jumatano, 5 Machi

Dada wa mavazi wa jarida, Carli, kauliza saizi yangu. Nikamtajia. Nilidhani simu imekatika. Kisha akasema watajaribu kutafuta, kwa sauti ya mtu aliyeagizwa kununua kiboko mzima wa mtoni.

"Ungemwambia hiyo ni ya mguu mmoja tu," Babalwa akasema.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi. Nina njaa. Studio nzima hakuna chakula ila matango.

Suruali ya Carli iligoma mapajani. Koti lilikataa kufunga, basi akachukua mkasi akalipasua mgongoni, akanibana na vibanio vya nguo. Eti kamera inaona mbele tu, nisigeuke. Nikasimama nimebanwa kama shuka kwenye kamba. Halafu wakaniambia nirudi nyuma kidogo. Mbele yangu wasichana wawili wembamba, suti zimewakaa kama zimemiminwa. Mmoja aliniomba radhi kwa kunong'ona: yeye ana mchumba wa kiume, ni kazi tu.

Babalwa alikuwa kwenye kiti cha wageni. Akatoka nje, akaenda kwenye gari, akarudi na haradali yangu, imepigwa pasi.

Nikavaa. Tai, viatu vya kahawia, tumbo langu mbele kama kawaida. Mpiga picha, Bi Petersen, mama wa makamo asiyecheka, akaniangalia.

"Sasa geuka," akasema. "Geuka tena. Taratibu, mpenzi, hilo koti lina mgongo."

Nikageuka mpaka kizunguzungu.

Alhamisi, 27 Machi

Picha imeletwa tuione kabla ya kuchapwa. Babalwa kaitazama muda mrefu.

"Nani huyu kavaa suti yako?"

Nina kiuno! Sijawahi kuwa na kiuno tangu kubatizwa. Tumbo limekwenda, kidevu cha pili kimekwenda. Na mshono wa ubavuni umepinda kwa kufinywa huko kwenye kompyuta, jambo lililomuuma Babalwa zaidi. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Nimempigia mhariri. Nikamwambia hizo ni kurasa za miili ya kila namna, basi tumbo langu lirudishwe, au wanitoe. Akasema wasomaji wanapenda kitu safi. Nikamwambia huwa naoga.

Ijumaa, 28 Machi

Wamekubali. Tumbo linarudi, ila jaladani hapana — kurasa za ndani. Jalada kapewa yule mwenye mchumba. Kazini kiwandani leo nimefunga viti vya magari huku nacheka peke yangu. Nimeumia pia. Kidogo. Sio kidogo.

Jumapili, 13 Aprili

Mama kapiga simu. Jarida lilipita kanisani kwao, mkono kwa mkono, mpaka kwake.

"Nimekuona," akasema. "Umenenepa kama shangazi yako."

"Ndiyo, mama."

"Hilo koti limekukaa. Nani kashona?"

"Babalwa."

"Yule rafiki yako."

Nikasema, "Sio rafiki, mama."

Nikasikia redio yake ya kwaya ikizimwa. Kisha: "Niitie."

Basi Babalwa anayo simu. Kasimama wima katikati ya chumba, gauni la kulalia na soksi zangu, kama yuko mbele ya mchungaji. Siwezi kukaa, naandika nimeegemea friji. Ndiyo, mama. Hapana, mama. Tangu mwaka ule wa ukame, mama. Ndiyo, anakula vizuri.

Sasa kanigeuzia mgongo. Mabega yanatikisika. Anacheka au analia, sijui. Mama bado anaongea —