Mtaa Uliotuchagulia

Kaka mkubwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinifunza adabu, usidhani moyo ndio uliotaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wifi mzima na watoto wazima, na mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Huku mama hajambo, kwa mwili. Mimi pia sijambo, ila nimejaa hasira hadi naikandamiza kalamu, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda usinitafutie ugonjwa.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema nimerudisha funguo za nyumba bila ruhusa yako, nimempeleka mama kwa wezi, na nimekuwa kichwa ngumu tangu kuzaliwa. La funguo ni kweli. La kichwa ngumu sibishi, nimekirithi kulekule ulikorithi chako. La wezi ndilo lililonikalisha chini nikuandikie, maana kwenye simu hunipi nafasi, nikifungua mdomo tu umeshanikata kauli. Barua haikatwi kauli. Isome mpaka mwisho.

Unakumbuka nilipopata kazi ya kutengeneza miwani katika mji huu? Nilikwambia nitatafuta mwenyewe nyumba ya kukaa na mama, nitatembea mitaani kwa miguu mchana, nione nani anakaa nje, niwaulize akina mama kama watoto wao wanakwenda dukani peke yao. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ulisema usalama haupatikani kwa wapiga umbea, unaonekana kwa macho. Basi ukaja na gari lako, ukatuzungusha mji mzima vioo vimepandishwa. Tulipopita mtaa wa gereji ulininyooshea kidole huku umekunja pua, ukasema hapo haishi mtu mwenye akili timamu, tazama makelele, tazama vijana walivyojaa grisi. Tulipofika kwenye zile nyumba za ukuta ndipo uliposhuka garini, ukaupigapiga ule ukuta kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe. Uliupenda papo hapo.

Ulinieleza taratibu za geti kama vile umezitunga wewe. Kila anayeingia ataje namba ya nyumba anayokwenda. Mlinzi ampigie simu mwenye nyumba. Asipotambuliwa, arudi alikotoka. Na lililokufurahisha kuliko yote ni kwamba kampuni huwabadilisha walinzi mara kwa mara ili wasizoeane na wakazi. Namba ya simu iliyoandikishwa getini ikawa yako, uliye mji mwingine kabisa, eti mwanamke asiye na mume hagawi namba yake ovyo kwa walinzi. Nikaiandikisha hiyo yako. Wewe ndiye mkubwa, na tangu baba afariki umekuwa ukiongea kama yeye.

Haya, tukahamia kwenye usalama wako. Kimya, kaka, kimya cha kuziba masikio. Mama alikuwa akisimama barazani kuwasalimia majirani kupitia juu ya ukuta, na hakuna hata mmoja aliyemwitikia. Mama yetu huyu, ambaye kule nyumbani alikuwa haendi sokoni bila kusimama kwenye kila mlango! Usahaulifu wake ukazidi. Akaanza kumjibu msomaji wa taarifa ya habari kwenye televisheni, akimuuliza habari za watoto. Jioni alikuwa akimngoja baba arudi kazini. Nilikupigia nikakueleza, ukasema ni uzee, nimfungulie tena televisheni.

Kazini nina mwenzangu tunayemwita Spika, kwa sababu hanyamazi hata akimeza maji. Anaishi mtaa wa gereji. Aliniambia mapema kabisa kwamba kwao huwezi kupiga chafya bila kupewa pole na watu usiowajua, na kwamba kuna vyumba. Nilipokugusia hilo ulisema nikikanyaga huko nisikuite kaka.

Sasa siku ile mama alipopotea. Binti wa kazi alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba. Kurudi ndani, mama hayupo. Getini walikagua wanaoingia, wanaotoka hawana shida nao, kwa hiyo alipita tu kama upepo. Binti aligonga mlango wa jirani huyu na yule, hakufunguliwa. Akanipigia kazini, nikafika nikitweta, getini nikamkuta mlinzi wa zamu mpya ambaye hakujua lolote. Nilikupigia, hukupokea. Nilizunguka huku na huku nikiita mama, mama, mtu mzima mimi, nalia barabarani kama mtoto.

Aliyenipigia ni Spika. Mama alikuwa mtaa wa gereji, huko huko kwa wezi wako. Alikuwa hana viatu, midomo imemkauka, na mama mmoja mchomelea vyuma alizima mashine yake alipomwona anavuka barabara bila kutazama magari. Alimshika mkono, akamkalisha kivulini, akamnywesha maji, akamvika kandambili zake mwenyewe. Kisha akawaita watu waje wamtazame kama kuna anayemjua, na Spika, aliyekuwa mapumzikoni siku hiyo na aliyewahi kumpima mama macho kazini kwetu, akamtambua. Nilipofika nilikuta vijana wa grisi wamemzunguka wakimsikiliza anavyowasimulia harusi yake. Nilipiga magoti nikamkumbatia huyo mchomelea vyuma na makoleo yake mkononi.

Jioni ukapiga simu. Nikakueleza. Hukuuliza miguu yake ikoje. Ulisema nimeshindwa kumtunza mzazi mmoja hata ndani ya ukuta na geti, na kwamba kama si uvivu wangu mama asingetoka. Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo, na kwa muda niliyaamini. Hilo ndilo la kwanza nisilokusamehe.

Nikakata shauri kuhamia mtaa wa gereji. Siku ya kuhama, gari la mizigo lilisimama getini, mama amekaa mbele kwa dereva. Mlinzi aliyekuwa zamu akamtazama, akamtazama tena, uso ukambadilika. Akaniuliza huyu bibi ni nani wangu. Nikamwambia ni mama yangu, tumeishi humu muda wote. Kijana wa watu akashika kichwa. Akaniambia siku ile bibi huyu alirudi getini mwenyewe akataka kuingia. Alikuwa anajua njia, kaka! Alirudi! Namba ya nyumba ndiyo hakuikumbuka, lakini nyumba aliionyesha kwa kidole, akasema mumewe yumo ndani anamngoja. Mlinzi ni mgeni, hamjui, basi akafuata utaratibu. Akapiga namba ya mwenye nyumba.

Akapokea mwanamume. Akaelezwa kuna bibi kizee getini, hana viatu, anadai ni kwake na mumewe yumo ndani. Huyo mwanamume akajibu kwamba kwenye nyumba hiyo hakuna mume wa mtu, hao ni matapeli siku hizi wanatumia wazee, asimfungulie, amfukuze.

Namba hiyo ni yako. Sauti hiyo ni yako. Simu yangu hukupokea, ya mlinzi ulipokea. Sijui kama jioni ile uliponitukana ulikuwa hujaunganisha mambo, au uliunganisha ukanitupia mimi mzigo. Yote mawili yananichefua.

Ila sikuandika haya ili nikutukane tu, ingawa nimefaidi. Kuna jambo hulijui. Yule mlinzi alimwambia mama, kwa upole, kwamba mwenye nyumba amesema hamjui na aondoke. Mama amesahau jina la mji huu. Kuna siku anasahau jina langu. Hilo hajalisahau. Kwake yeye mwenye nyumba ni baba. Kila asubuhi, hapa barazani kwetu, mchomelea vyuma akishamwamkia, mama hunigeukia na kuniuliza amemkosea nini baba yenu hata akamfukuza mbele ya watu. Nimemwambia baba hawezi kufanya hivyo. Ananiambia nisimtetee.

Sijamwambia kwamba ni wewe. Sitamwambia. Njoo wewe. Huku hakuna geti wala namba ya nyumba, ukifika ulizia bibi wa miwani, hata mtoto atakuleta. Uketi mbele yake, akuulize anachoniuliza mimi, nawe umjibu. Naapa sitakukata kauli.

Wifi nisalimie sana, na watoto uwabusu kwa niaba ya bibi yao. Mama naye anakusalimu. Amesema nikuandikie kwamba ukikutana na baba umwombee msamaha kwake.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba, mwenye kichwa ngumu