Shamba Nililolinyima Jembe

Maskati, Oman

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na kifua chako, kwa sababu ndicho kinachonikosesha raha. Kile kikohozi cha moshi kimepoa? Mwanamisi aliniambia kwenye simu kwamba umepona, lakini dada yangu huyo ukimtuma afiche jambo hulificha vizuri, kwa hivyo nakuuliza mwenyewe. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa. Simu ipo, na kila Ijumaa tunazungumza. Lakini kwenye simu mimi huyakimbia maneno. Ukiniuliza habari za shamba nakujibu habari za joto la huku, na wewe kwa huruma zako unanifuata hukohuko kwenye joto. Karatasi hainipi mlango wa kutokea. Nimempa barua hii Nasoro, yule kijana wa Msambweni ninayekaa naye chumba kimoja, anakuja likizo, na nimemwambia akukabidhi mkononi.

Acha nieleze tangu mwanzo, hata kama unayajua, maana nataka ayaelewe na asiyejua.

Lile shamba nililoachiwa na marehemu mjomba limepakana na msitu wa kaya, ule mtakatifu wa wazee wetu, upande ule ilipo ile miti ya maua meupe makubwa ambayo watu wa misitu wanasema imebaki michache mno duniani. Kabla ya kaskazi iliyopita, wazee na kina mama wa kikundi cha msitu mlikaa na bwana misitu mkapanga namna ya kuikinga na moto. Mpango ulikuwa mzuri, nauona sasa. Msitu uzungushiwe mkanda uliofyekwa, mkanda wenyewe upandwe kunde na viazi vitamu ili uwe unapaliliwa na usishike nyasi kavu. Na mtu akitaka kuchoma shamba lake, atoe taarifa kwanza, watu wasimame karibu wakiwa na matawi mabichi na ndoo za maji. Mkanda huo ulikuwa upite kwenye shamba langu.

Mzee Bakari, mwenyekiti wenu, alinipigia simu kwa adabu zake zote.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, baba. Tunakuomba ruhusa. Tutafyeka kipande tu pale kwako, tupande kunde.”

Nikamjibu, “Mzee, leo kunde, kesho mihogo, keshokutwa mikorosho. Nikirudi nitaambiwa miti ina mwenyewe. Sitaki jembe la mtu liguse pale.”

Unajua desturi yetu, aliyepanda mnazi au mkorosho ana haki ya mti wake hata kama ardhi si yake. Mtu aliye mbali huiota mikorosho ya watu mpaka ikamwamsha. Lakini Mzee Bakari hakusema mikorosho, alisema kunde. Mikorosho niliileta mimi. Naye akajibu tu, “Haya, tumekusikia.” Afadhali angenigombeza.

Na wewe ukaniuliza, Mama. Ukanibembeleza. Nikakuambia, “Mambo ya shamba niachie mimi mwanamume.” Neno hilo likinijia ninapokula, naisogeza sahani kando.

Basi mkafyeka kushoto, mkafyeka kulia, katikati mkaliacha shamba la huyu Hamisi wenu na nyasi zake zinazompita mtu kiuno.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu ya huku. Ghala letu limejaa makatoni mpaka darini, na mimi nalipwa kuhakikisha njia za katikati haziwekwi kitu, ili moto ukizuka upande mmoja usivuke upande wa pili. Nikikuta katoni moja njiani napiga kelele mpaka wenzangu wananicheka, wananiita Bwana Moto. Mtu huyohuyo ndiye aliyewanyima wazee wake njia ya namna hiyohiyo, na hata siku moja sikuyaweka mambo hayo mawili pamoja kichwani.

Kisha mtu mmoja wa bondeni akachoma shamba lake bila kumwambia yeyote, na upepo ukageuka. Mwanamisi anasema penye mkanda moto ulifika ukakosa cha kula, ukafa. Penye shamba langu ulipita. Alinitumia video. Nilikuona wewe, mama wa umri huo, leso umeifunga kiunoni, unapiga moto kwa tawi bichi ndani ya shamba la mwanao. Nilizima simu nikaiweka chini ya mto, kana kwamba nikiificha utatoka kwenye moshi.

Mliuzuia moto usiingie ndani ya kaya, Mungu awalipe. Lakini ule mti mkubwa wa pembeni, ambao kina mama mlikuwa mkiokota mbegu zake kwa ajili ya kitalu, umeungua mpaka moyoni.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Mwanamisi amenieleza ulilosema barazani. Watu walikuwa na hasira na mimi, na walikuwa na haki. Wewe ukasimama ukasema, “Wazee wangu, niwieni radhi. Hamisi alikubali. Alinituma niwaambie mfyeke, mimi nikasahau.” Wakakutoza mbuzi wa kuitakasa kaya, kama ada ilivyo, nawe ukamtoa yule wako wa maziwa. Mama ambaye tangu nizaliwe sijasikia ameitwa barazani kwa ubaya, aliinamisha kichwa mbele ya watu kwa kosa langu.

Nimeona haya, Mama. Mtu mzima na ndevu zangu, nimejificha nyuma ya leso yako. Na nikuambie lililo baya zaidi. Mwanamisi aliponisimulia, kwanza nilishusha pumzi. Nilifurahi kwamba jina langu limepona. Aibu ilikuja baadaye, na tangu ije haijaondoka.

Vuli inakwisha, na najua mtakaa tena kupanga kabla ya kaskazi. Naomba siku hiyo Mwanamisi aisome barua hii mbele ya watu, yote, pamoja na pale nilipojiita mwanamume. Nakujua, utamkonyeza aruke. Dada yangu, usiruke. Na wewe, Mama, unisamehe kwa kuutoa uongo wako hadharani. Ni uongo wa huruma, lakini siwezi tena kuutumia.

Asome na haya: Wazee wangu, na mama zangu wa kikundi cha msitu, shikamooni. Mama yangu hakusahau kitu. Aliniuliza nikakataa, Mzee Bakari akaniomba nikakataa. Faini aliyoitoa ilikuwa yangu, na Nasoro atakwenda mnadani Kinango amtafutie mbuzi mwingine wa maziwa. Mkanda upitisheni shambani kwangu, mpande mnachotaka. Na kile kipande kitakachobaki kati ya mkanda na msitu, pandeni miche ya ule mti ulioungua. Mtakaoipanda ni nyinyi, na kwa desturi yetu mnajua maana yake. Miti itakuwa yenu, mimi sitakuja kuidai, wala watoto wangu nikijaliwa kuwapata.

Msalimie sana shangazi, ambaye nasikia aliungua mkono siku ile na bado anapika kwa mkono mmoja. Msalimie shemeji, mume wa Mwanamisi, aliyebeba maji kwa pikipiki mpaka tangi likakauka. Wabusu wajukuu zako wote, na uwaambie mjomba wao yupo.

Mzee Bakari usimpe salamu zangu kabla ya baraza. Ngoja barua isomwe mpaka mwisho, kisha umtazame. Akiuliza habari zangu, mwambie nampa mkono na nimeinama. Asipouliza, usimkumbushe.

Mimi mwanao mwenye haya,
Hamisi