Maziwa Aliyokunywa Mtafiti

Guyo mjukuu wangu, assalamu alaykum. Huku Garsen tu wazima, alhamdulillahi. Maji ya mafuriko yameondoka, homa ndiyo imebaki.

Waniuliza kama namkumbuka yule mtafiti wa gharama za matibabu, ambaye wasomi wengi wananukuu maandishi yake, nawe wataka kuyanukuu chuoni. Namkumbuka sana. Nilikuwa msichana. Mama alikuwa amemuuza ng'ombe wetu wa mwisho wa maziwa ili ndugu yangu atibiwe. Mtafiti huyo alipofika kwetu, mama aliomba maziwa kwa jirani akampa mgeni, naye akauliza:

"Mama, kumtibu mwanao kumewapa shida?"

"Shida gani, baba? Mungu ametujalia. Kunywa kwanza."

Kwetu mgeni hapewi shida, hupewa maziwa. Alikunywa, akashukuru, akaenda zake bila kutazama zizi letu tupu. Dawa zilipokwisha hatukuwa na cha kuuza tena. Ndugu yangu tulimzika.

Sasa wanieleza aliandika kwamba wafugaji wa Tana wanamudu matibabu. Basi wasomi wote hao wananukuu heshima ya mama yangu, wakidhani ni utajiri.

Likizo ukija, mwanangu, kabla hujaandika lolote, pitia zizini kwanza.

Ni mimi bibi yako, nikuombeaye dua.