Mume Wangu Anasogeza Vigingi

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako na naomba uwe wa haraka, maana Jumamosi inakuja na mimi nimeshayakoroga, hata sasa nakuandikia nikiwa saluni na mteja yuko kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa nusu bado, ananiuliza dada unamwandikia nani, namwambia tulia.

Mimi ni msusi, mume wangu ni dereva wa lori la mizigo, tunaishi vyumba viwili vya kupanga na watoto na mama yake mzazi, ambaye analala sebuleni nyuma ya pazia, na kila anayeamka kunywa maji anampita miguuni. Jambo hilo linamuuma mume wangu kuliko ninavyoweza kueleza. Tulijinyima tukapata kiwanja, tukakubaliana tutajenga wenyewe kidogo kidogo, na chumba cha kwanza kuchorwa kwenye ramani kilikuwa cha mama.

Basi siku fundi mwashi alipokuja kuseti msingi sikwenda kazini, nilitaka nione kwa macho yangu. Mshauri, sijui nikuelezeje. Ile ilikuwa ardhi tu, majani na mawe, mbuzi wa jirani walikuwa wanakatiza hapo kila siku, halafu mtu anakuja na vigingi, nyundo, tepu na kamba, anapigilia hapa, anavuta kule, anapima na kupima tena mpaka kona inakaa sawasawa kama kona ya meza, anapita na mpira wenye maji anaangalia maji yalipotulia upande huu na upande ule, na kabla jua halijawa kali nikaona nina sebule. Nina jiko! Mwili wote ulinisisimka. Na cha ajabu, hakuna aliyeruka kamba, wote tulianza kupita palipoachwa mlango, hata shemeji yangu ambaye hana adabu na kitu chochote duniani alizunguka nyumba nzima ili aingilie mlangoni, na mama mkwe alipofika alisimama mbele ya ule mlango ambao haupo akapiga hodi, sisi tukaitikia karibu mama, tukacheka, kisha wote tukasogea kumpisha, maana tuliona kweli tumekaribisha mtu ndani.

Balaa lilianzia hapo hapo. Mama akauliza chumba chake kipi, akaoneshwa, akaingia akasimama katikati, akasema, "Mbona kadogo hivi, mwanangu?" Hakusema kwa ubaya, naapa, alisema tu kama mtu anavyosema leo kuna upepo, lakini mume wangu alibadilika uso. Jioni nikamkuta kiwanjani peke yake, ameng'oa vigingi viwili vya upande wa mama amevisogeza nje, na vibarua walipokuja wakachimba mtaro kwa kufuata kamba yake. Fundi aliporudi akavuta tepu kutoka kona moja mpaka ile ya mbali inayotazamana nayo, akavuta na kwa kona nyingine mbili, vipimo vikakataa kulingana, akasema, "Hii nyumba mmeipindisha. Tofali hazitakutana, na bati ndiyo usiseme." Akarudisha kamba. Alipoondoka tu mume wangu akasogeza tena! Sasa upande ule mtaro umekuwa mpana mno, mvua imeanza kunyemelea, kingo zinamong'onyoka, na mifuko ya saruji tumeipanga chini ya kitanda chetu, fundi anasema ikizidi kukaa itaganda yote tuje kulala juu ya mawe.

Nikamuuliza, baba, kuna nini? Akanijibu maneno yaliyonimaliza nguvu. "Mama watoto, mimi kila kitu changu kina matairi. Nikikosea njia nageuza. Hiki nikishakimwagia zege nitageuzia wapi?" Akasema tuahirishe, akawapigia simu ndugu waliokuwa waje kutusaidia kumwaga zege, akawaambia wasije. Nilimwonea huruma, na kusema kweli hata mimi nikishuka ndani ya ule mtaro, udongo ukanifika kiunoni, naingiwa na hofu ya ajabu, siyo ya kukimbia, ni ile ya kutaka kuvua viatu, naona tunaanzisha kitu kikubwa kuliko sisi, kitabaki hapo sisi hatupo, wajukuu wanagombea vyumba. Halafu nikikitazama chumba cha mama, mshauri, na mimi nakiona kidogo.

Sasa nimefanya hivi. Yeye yuko safarini, mimi nikamwita fundi arudishe kamba pale pa mwanzo, na wale ndugu wote nikawapigia mmoja mmoja nikawaambia mwenye nyumba amebadili mawazo, njooni Jumamosi asubuhi na makoleo. Mume wangu anarudi Ijumaa na hajui lolote. Nimwambie, au nimwache aamke akute watu wamejaa na mashine ya zege inanguruma? Na kama chumba ni kidogo kweli, si nitakuwa nimemfungia mama wa watu kwenye kiboksi milele? Nimechanganyikiwa.

Msusi mwenye mitaro

MSHAURI ANAJIBU:

Msusi, kwanza mmalizie huyo mteja kichwa chake, hajakukosea kitu.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini, nikatoka kusimama uani kwangu kidogo kabla ya kuishika tena. Na mimi nimejenga, mwenzangu. Nayajua hayo ya kutaka kuvua viatu. Siku kamba zangu zilipovutwa nilimgombeza fundi mbele za watu, nikamwambia amenipunja, hiki si chumba ni kabati. Alikuwa hajanipunja hata kidogo. Nyumba ikiwa bado ni kamba huonekana ndogo, muulize yeyote aliyewahi kujenga. Umesimama pasipo na ukuta, juu mbingu yote, pembeni kiwanja chote na barabara, sasa chumba gani kitaonekana kikubwa hapo? Subiri kuta zipande uone kinavyorudi ukubwa wake. Mama mkwe wako alisema alichokiona. Mwanawe naye badala ya kushika tepu akashika nyundo.

Haya, zamu yako. Kuwaita watu kwa jina la mumeo bila yeye kujua, hapo umeharibu. Mwenye nyumba amebadili mawazo lini? Unataka mtu mzima atoke chumbani na taulo begani akute ukoo mzima umeshika makoleo unamsubiri? Atanuna mwaka mzima, na wewe utasema hana shukrani. Kumwonea huruma mtu na kumzunguka ni mambo mawili tofauti, dada yangu, na wewe umeyafanya yote mawili kwa simu moja. Mwambie. Leo, kabla hajafika, apate njia nzima ya kukasirika na kupoa.

Halafu tusidanganyane. Umeiandikia redio, na mumeo anashinda kwenye usukani. Lori gani siku hizi halina redio? Ulitaka asikie, ila kwa sauti ya mtu mwingine. Sawa, leo nimekubebea huo mzigo, lakini usizoee.

Sasa kazi. Fundi apime kona kwa kona tena mbele yenu wote wawili, mumeo ashike mwisho wa tepu kwa mkono wake mwenyewe, aone vipimo vinalingana. Pale palipochimbwa kupita kiasi msirudishie udongo mlegevu mkamwaga zege juu, patatitia na ukuta utapasuka. Fundi atajua apashindilie vipi au apajaze na nini. Udongo uliomong'onyoka utoke wote, maji yakituama yachotwe. Kila mfuko wa saruji upapaswe kabla ya kufunguliwa, wenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole uwekeni pembeni, msiuonee huruma. Mkianza kumwaga msiache katikati wote mkaenda kula, kuleni kwa zamu. Na huyo shemeji asiye na adabu akae mbali na ndoo ya maji, maana watu wa aina yake wakichoka huongeza maji ili zege liteleze, na mwisho mnajengea uji. Likishashika, lifunikeni kwa magunia mlimwagilie siku kadhaa, asubuhi na jioni, bila uvivu.

Na kama kweli chumba hakitoshi, kinapanuliwa. Hakuna dhambi. Kinapanuliwa na fundi, kwa vipimo, huku na huku, kabla ya zege. Kwa vigingi viwili vilivyong'olewa jioni mtu akiwa na uchungu, hapana.

Sasa naongea na wewe, baba uliye barabarani. Egesha lori pembeni kwanza, hili si la kusikiliza huku unapita magari.

Hakuna anayekucheka. Mke wako amekuandikia kwa upendo mpaka mimi nikaona wivu. Na hiyo hofu uliyo nayo ni ya haki kabisa. Mtu anayesimama mbele ya msingi wa nyumba yake asishtuke hata kidogo, huyo hajaelewa anafanya nini. Wewe umeelewa. Kuna watu hawajazaliwa bado ambao watajifunza kutembea juu ya hicho unachotaka kukimwaga, na hawatajua kwamba babu yao aliwahi kusita hapo akiwa na nyundo mkononi. Mimi hapa studio mwili unanisisimka nikifikiria, na nyumba si yangu.

Lakini kuna kitu nimekitafuta kwenye barua yote sikukiona. Tangu mama yako aseme yale maneno, umeng'oa vigingi, umechimbisha mitaro, umevutana kamba na fundi, umeahirisha zege. Yeye mwenyewe hujamuuliza. Basi ukifika Ijumaa, kabla ya kukaa, pakia kitanda chake kwenye hilo lori. Pakia na sanduku lake na kiti anachopenda. Weka ubao juu ya mtaro, mwingize, panga kila kitu ndani ya kamba za chumba chake kama kitakavyokaa, kisha mwombe ajilaze. Wewe mzunguke taratibu pande zote za kitanda. Muulize, "Mama, panatosha?"

Akisema hapatoshi, wapigie watu uwaambie wiki ijayo, na fundi apanue. Hakuna atakayekufa. Ila mimi nadhani unajua atakavyojibu, na ndiyo maana hujamuuliza. Akisema panatosha, huna tena pa kujificha, itakubidi umwage.

Ogopa, baba, ruhusa unayo. Lakini Jumamosi asubuhi koleo la kwanza liwe la kwako.