Yaya Masika, mashini ya kupumua imefika Bungulu

Yaya Masika,

Dada yangu, mashini imefika Bungulu. Ninaanza na hiyo juu najua ndiyo ungeniuliza mbele ya kuuliza habari ya Mama, mbele hata ya kuuliza kama nimekula. Si ile uliyokuja kuchukua kwangu Butembo. Ile iliungua pamoja na kamio, lori iliyoibeba. Hii ni ingine, nimeishusha mimi mwenyewe. Lakini usifikiri ninakuandikia na furaha. Sina.

Unakumbuka siku uliponiomba? Nilishuka Beni na vitenge vyangu, nikapitia kwenye maternité yako ya Bungulu, pale ulipozalisha bamama, kukusalimia. Nikakukuta umeinama juu ya mutoto aliyezaliwa asubuhi ile, unamupulizia hewa na ballon ya mukono, unaibonyeza, unaibonyeza, jasho inakulowesha blouse. Hata kiti hukunipa. Ulisema tu, "Kambale, wewe unaendaka China kila mwaka. Kule hakuna mashini ya kupumulisha batoto? Mikono yangu inachoka. Na ikichoka, banakufa."

Nikaenda, Yaya. Sikupata muda wa kukusimulia vizuri. Kule balinipeleka kwenye jumba moja inapita soko yetu yote kwa ukubwa, na ndani mulikuwa mashini za kupumua peke yake. Kila kiwanda na meza yake, taa, maua, bonbon za kukaribisha bageni. Banagombania bateja vile sisi tunavyogombania kwenye vitenge. Musichana mumoja wa kiwanda, anayejua Kifaransa, aliniambia: tangu ule ugonjwa wa mapafu uzunguke dunia, viwanda vimeongezeka, soko inakua kila mwaka, na itakua tena. Alisema akicheka, kama mutu anaongea juu ya mavuno mazuri. Mimi nilisimama pale natazama mashini zikipulizia pumzi sanamu za batoto ba plastiki. Vifua vyao vilipanda, vilishuka. Hakuna aliyekuwa mugonjwa mule.

Mashini niliyonunua ilipofika Butembo nilikupigia simu nikasema nitaituma na eskorte ya basoda, baaskari ba kuilinda njiani. Hukungojea. Ulipanda kwetu, ukatetemeka na baridi, ukaifungua ile carton, ukaipapasa, ukaifunga. Nilikukatalia. Nilikuambia barabara haiko sawa, juzi tu baliua batu kule. Ukasema, "Hapana kunikataza, mudogo wangu. Hii itasafiri peke yake? Bataiiba."

Muchana ule ule, mbele ya kufika Beni, bauaji bakatoka porini. Baliua shofere. Kamio bakaichoma. Wewe, ulikutwa pembeni ya barabara, kwenye majani. Nilikutambua kwa miguu, Yaya.

Siandiki zaidi juu ya hiyo.

Tulikuzika Beni. Mimi nilipita na jeep ya basoda, Mama basoda balimukatalia kupanda. Basi hajaona kaburi yako mpaka leo. Anakaa kwenye mulango wa jiko, moto unazimika mbele yake, na hauongezi. Batoto bako tunaishi nabo hapa. Joëlle ameanza kuniita Papa, na kila akiniita hivyo ninasikia vibaya, juu ninajua amechoka kungojea wewe.

Na yule musichana wa kiwanda ananiandikia kwenye telephone. Anatuma picha za mashini mupya, nyepesi kuliko ya kwanza. Anataka niwe mwakilishi wao kwa Kivu yote, juu, anasema, kwetu batu bana haja nyingi na soko ndiyo inaanza. Soko. Nilimuandikia kwamba dada yangu amekufa na ile mashini imeungua. Akanitumia picha ya ua. Kesho yake akanitumia picha ya mashini ingine. Sikumukasirikia, Yaya, hiyo ndiyo kazi yake. Hapa Butembo pia, benzangu bameanza kuziweka kwenye vitrine za maduka, katikati ya televisheni na frigo. Batu banapita, banaangalia, banaenda.

Nikanunua ingine. Nilishuka nayo na eskorte mpaka Bungulu. Infirmière Kavira, yule muliyefanya naye kazi, alikata carton na kisu akaanza kulia. Palikuwa mwanamuke mumoja mukimbizi, amezaa njiani akikimbia kijiji yake, mutoto amekuwa wa bluu. Bakamuweka kwenye mashini. Courant ya umeme ilikuwapo. Rangi ikarudi kwenye midomo yake, Yaya, niliiona ikirudi! Mama yake akanishika mukono, na mimi hanijui hata jina.

Saa za muchana courant ikakatika. Groupe ya sentre, ile jenereta, haikuwa na mafuta, na ile siku balikuwa banapiga risasi upande wa pori, stations za mafuta zote zimefungwa, bamotari ba pikipiki bamejificha. Mashini ikapiga filimbi kidogo, ikanyamaza. Kavira akachukua ballon yako. Alipochoka, akanipa mimi. Nilibonyeza mpaka vidole vikakataa kujikunja, nikamurudishia, nikachukua tena. Yule mutoto alikufa mikononi mwetu, jua likiwa bado linawaka.

Mama yake alimufunga kwenye kitenge. Akasema, "Wasingya, aksanti. Alipumuzika kidogo." Alinishukuru, Yaya!

Sitakudanganya kwamba vita itaisha. Hapa hakuna mutu anasema hivyo tena, hata padiri kanisani anaomba tu tufike juma ijayo. Ninachokuahidi ni kidogo: panneau za jua na betri nilizoagiza, za kuwasha mashini courant ikikatika, zimefika Kasindi, kwenye mupaka. Nitaenda kuzichukua, nitazishusha Bungulu, na Kavira atafunga waya. Kama barabara imefungwa, nitangojea ifunguliwe. Kama bakizichoma, nitatafuta zingine.

Nimemuambia Mama ninaenda. Nilifikiri atalia, ao atanikataza. Alinifungia chakula ya njia, akaniwekea karibu na viatu, halafu akaenda kulala muchana kweupe, uso kwenye ukuta.

Baki na Mungu, Yaya.

Mudogo wako,
Kambale