Filta Niliyoiosha kwa Sabuni

Gahanga, Kigali
30 Septemba 2025

Mpendwa Mjomba Charles,

Niliseme kwanza kabla sijaogopa, maana sijamwambia mtu yeyote: gari la Mama limeharibika kwa mikono yangu, na lawama amebebeshwa fundi Gratien.

Sasa naweza kukusalimu vizuri. Shikamoo, Mjomba. Habari za Bukoba? Goti la Bibi linaendeleaje? Huku sote wazima na mvua zimeanza.

Unajua Mama humlipa fundi kwa kila kitu, hata kuongeza maji ya waipa. Mimi nilipata kitabu cha magari maktaba ya shule, nikaona mengi tunaweza kuyafanya wenyewe: kupima oili, kubadilisha balbu, kusafisha vichwa vya betri. Nikatamani pesa hiyo ibaki, maana ada yangu inamkosesha Mama usingizi.

Jumamosi ilikuwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi. Mama alikwenda na majirani kuzibua mifereji. Mimi sijafika miaka kumi na minane, nikabaki nyumbani. Nikafungua boneti. Filta ya hewa ilikuwa nyeusi kwa vumbi. Kitabu kilisema isafishwe, na sikusoma zaidi kwa kuwa umuganda ulikaribia kwisha. Kwetu kusafisha ni maji na sabuni. Nikaiosha, nikaikamua, nikairudisha ikichuruzika.

Mchana Mama akielekea dukani kwake Muhima, gari lilikohoa mlimani, likazima. Ijumaa Gratien alikuwa amesafisha plagi, hivyo Mama akampigia palepale.

"Wewe Gratien, plagi umezisafisha au umezizika?"

"Mama Trinah, lilete nilitazame."

"Uliue mara ya pili? Asante sana!"

Sasa gari limelala uani, Mama anataka kuliuza, na amewaambia wenzake wa Muhima wasimpelekee Gratien magari yao. Jana nilipita gereji yake. Hapakuwa na gari hata moja. Nilimwamkia, nikaongeza mwendo.

Msalimie Bibi Flaviana, na binamu Leah umwambie nimesoma kile kitabu chake cha hadithi mara mbili. Mungu awatunze nyote.

Alhamisi

Mjomba, bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Jana baada ya shule nilikwenda kwa Gratien, nikamwambia yote huku nikitazama viatu vyangu.

"Uliiogesha? Na sabuni?"

"Ya unga."

Alicheka hadi akakaa juu ya tairi. Akanieleza kwamba filta ya karatasi hukung'utwa vumbi na kupulizwa, haioshwi. Ikichoka, hununuliwa nyingine. Kisha akaacha kucheka.

"Nenda kamwambie mama yako. Mimi nikipiga, anakata simu."

Nilimwambia jikoni, akimenya ndizi. Aliendelea kumenya mpaka ndizi zote zikaisha. Akanawa mikono, akampigia Gratien, akamwomba radhi. Halafu akawapigia wenzake wa Muhima mmoja mmoja, akawaambia kosa lilikuwa la nyumbani kwake.

Leo asubuhi nimefunga filta mpya mwenyewe, Mama amesimama pembeni akinisomea kitabu, ukurasa mzima. Gari likawaka. Tukapanda mlima sote wawili, tukasimama gereji kwa Gratien, na Mama akashuka kumsalimia. Mimi pia nikashuka.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye daima,
Trinah